Naomba ushauri: kazi ya kwanza ya kutengeneza programu, sina shahada

Habari zenu wakuu. Nipo Morogoro, nimeishia kidato cha sita, programu nimejifunza mwenyewe kwa masomo ya bure ya freeCodeCamp na nyaraka za Django (zana ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya programu ya Python). Python naimudu, PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata) kiasi.

Nimemtengenezea mama mdogo mfumo wa duka lake la vipodozi: anaingiza mauzo kwa simu, na bidhaa ikibaki chini ya dazeni jina lake linageuka jekundu. Anautumia kila siku, na msimbo wote nimeuweka GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo.

Shida ni kwamba matangazo mengi ninayoyaona yanataka shahada na uzoefu wa miaka 2. Nimetuma maombi Dar na Arusha, wengi hawajibu kabisa. Kampuni moja ilinipa nafasi ya kujitolea bila posho, na Dar sina pa kufikia. Inaniuma, maana kazi hii naipenda kweli.

Kwa mlioajiriwa bila shahada: mlianzia kwa wateja wadogo wadogo au mliingia kampuni moja kwa moja? Na kwa sasa nijifunze JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti ambayo naona inatajwa sana, au nizame kwanza kwenye Django?