MREJESHO: Gari langu lililokuwa linachemsha nikipanda Marangu

Wadau, si niliwaambia kagari kangu kanachemsha kila nikipanda Marangu, na fundi wa kwanza akasema gasketi ya silinda hedi imeungua niandae 600,000? Jana nikakapeleka kwa yule mzee wa Majengo mliyenielekeza. Hakushika hata spana, alisubiri injini ipoe akafungua mfuniko wa rejeta akanionyesha mpira wake umekatika, ndo maana presha haikai maji yanachemka mapema yanamwagika. Mfuniko mpya 15,000. Ufundi je? Akacheka, "mwanangu, niachie ya soda". Nikampa 10,000 akaanza kutafuta chenji jamani! Leo nimepanda hadi Marangu Mtoni tuko watano na mikungu ya ndizi kwenye buti, mshale wa joto umetulia tu katikati.