Sosi ya kuchovyea matunda imegoma kuwa nzito na wageni ni kesho. Naombeni ushauri

Asumini (mtoa mada)
Habari za usiku wanajamvi. Naomba msaada wa haraka maana usingizi sina.

Kesho mchana nina wageni, watu ninaowaheshimu sana, na nimewaahidi sinia la matunda na sosi laini ya kuchovyea, ile ya maziwa, tamu. Nimetumia jibini laini ya kupaka, mtindi mzito, asali na vanila. Alasiri nilipomaliza kuikoroga ilikuwa nzuri kabisa, nikaifunika nikaiweka friji. Sasa hivi nimeifungua imekuwa uji. Nikiichota inachuruzika kwenye kijiko. Halafu nikionja nasikia kauchungu kwa mbali.

Swali langu ni moja tu: jelatini niweke kiasi gani ili ishike? Pakiti ninayo tayari. Mwenye vipimo anisaidie tafadhali.

NdimuKali
Jelatini ya nini tena dada? Mimi hata hiyo jibini sihangaiki nayo. Chukua mtindi usio na sukari, umimine kwenye kitambaa safi juu ya chujio, chini weka bakuli, uache kwenye friji usiku kucha. Maji yote yanashuka. Asubuhi unakuta umebaki karibu nusu ya ulioweka, mzito hadi unasimama kwenye mwiko. Tia asali, vanila, paruzia ganda la limau juu, basi. Nyumbani kwangu hatuli kitu kingine na matunda. Watoto wakiona kitambaa kinaning'inia wanajua kesho kuna sherehe.

BabaWawili
Umenikumbusha siku niliyojitolea kumsaidia mke wangu kupiga krimu. Aliniambia nikiona inasimama niache. Nikaona inasimama, nikasema ngoja isimame zaidi. Ghafla ikakatika, madonge ya njano upande mmoja na maji upande mwingine. Nikawa nimetengeneza siagi! Tuliipaka kwenye mkate na ilikuwa siagi nzuri sana.

Ila kwa faida ya mtoa mada: krimu ya kupiga iwe na mafuta asilimia 30 kwenda juu na iwe baridi kweli, hata bakuli liweke friji kwanza. Ukiichanganya taratibu na hiyo jibini, sosi inakuwa nyepesi mdomoni lakini haimwagiki.

Mama_Subira
Mwanangu Asumini, wageni wanakuja kukuona wewe. Siku hizi mnajitesa kwa vitu vya kwenye picha. Kata matunda yako vizuri, tufaha na ndizi zipake maji ya ndimu zisigeuke rangi, weka mezani kwa uso mkunjufu. Mtu aliyepokelewa vizuri hakumbuki sosi.

Asumini
Asanteni nyote. Mama, shikamoo, nimekusikia, lakini nimeshaahidi. Kipimo cha jelatini bado hakuna aliyenipa.

Mwiko_Mrefu
Kabla ya kipimo nina swali. Jibini na mtindi mzito havigeuki uji ndani ya friji kwa saa chache. Asali ikizidi inalegeza kidogo, lakini siyo kiasi hicho. Umeweka nini kingine humo?

Asumini
Ni vile nilivyovitaja. Na ladha kidogo.

Mwiko_Mrefu
Ladha gani? Mficha uchi hazai, dada.

Asumini
Nanasi. Nimelisaga kwenye blenda nikachanganya kikombe kimoja.

Lakini sioni tatizo liko wapi. Nanasi limeiva, nimelimenya mwenyewe na kila kitu kilikuwa kisafi. Sosi ya matunda isiwe na tunda? Isitoshe wifi yangu mkubwa anapenda nanasi kuliko chochote, na nilishamwambia kwa mdomo wangu kuwa kesho atakula sosi ya nanasi. Siwezi kurudi nyuma. Ndiyo maana naomba kipimo cha jelatini tu.

Mwiko_Mrefu
Hapo ndipo penyewe. Nanasi ambalo halijapita motoni lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, na kazi yake ni kukata protini. Sosi yako inasimama kwa sababu protini za maziwa zimeshikana na kuyafunga maji ndani yake. Zikikatwa, maji yanatoka. Na baadhi ya vipande vinavyobaki vina uchungu, ndio huo unaousikia. Friji inapunguza tu kasi, haizuii.

Sasa kuhusu jelatini: nayo ni protini. Ukiitia humo itakatwa vilevile. Weka kijiko, weka pakiti nzima, haitashika. Papai na kiwi ni yale yale, papai lina papaini na kiwi ina aktinidini.

Asumini
Mbona watu wanakula nanasi na mtindi kila siku na hakuna uchungu wowote?

Mwiko_Mrefu
Kwa sababu wanachanganya na kula hapo hapo. Kazi hiyo inahitaji muda. Hata kesho mgeni akichukua kipande cha nanasi akakichovya na kukila, hakuna shida yoyote. Shida ni kulilaza nanasi ndani ya maziwa.

MzeeWaMaswali
Wadau samahani, mimi naona hii ni chai. Mwanzo vitu vinne tu. Akabanwa, ikatokea "ladha kidogo". Akabanwa tena, nanasi. Baada ya nanasi akaja wifi. Kila mkimshika anatoa kipande kipya. Na nani anakaa usiku huu anaomba kipimo cha jelatini wakati maelekezo yameandikwa kwenye pakiti? Huyu katunga ili uzi uwe mrefu. Subirini, muda si mrefu mtaambiwa na mama mkwe yumo.

BabaWawili
Hahaha, mzee umeniwahi, hata mimi nilishaanza kumsubiri mama mkwe.

NdimuKali
Na mimi nilijiuliza. Sosi ya matunda siyo jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Mama_Subira
NdimuKali, hujaolewa wewe. Mtu anaweza kukesha kwa sababu ya chumvi tu, wanaokuja wakiwa mawifi.

Asumini
Jamani mnanionea. Sikutaja nanasi kwa sababu nilijua mtaniambia nilitoe, na mimi nilitaka libaki. Basi. Sina haja ya kutunga, bakuli liko hapa mbele yangu.

JikoSafi
MzeeWaMaswali, rudi kwenye posti ya kwanza kabisa, soma pale mwisho wa maelezo yake. Aliandika "nasikia kauchungu kwa mbali". Hapo alikuwa hajataja nanasi na Mwiko alikuwa hajafungua mdomo kuhusu bromelaini. Mtu anayetunga hadithi ya sosi iliyoharibika angesema imechacha, au imekuwa chumvi, au ina madonge. Hayo ndiyo yanayomjia kila mtu kichwani. Uchungu hauji kichwani, unakuja ulimini. Nimefanya kazi ya kupika kwa muda mrefu na hiyo ladha naijua, ni ya maziwa yaliyolala na nanasi. Huyu dada anasema kweli.

MzeeWaMaswali
Hoja nimeipokea, JikoSafi. Ila bado namwomba atuambie hilo bakuli likoje sasa hivi. Aliye nalo mbele yake hatashindwa.

Asumini
Haya. Kwenye ukingo kuna mduara wa maji ya njano, membamba, yanaonekana kama mafuta lakini nikiyagusa siyo mafuta. Katikati kumebaki weupe umelegea. Nikipitisha kijiko mfereji unajifunga wenyewe, alasiri ulikuwa unabaki wazi. Juu kuna nyuzi nyuzi za nanasi zimepanda. Nikilamba unatangulia utamu wa asali, halafu vanila, halafu nikishameza ndipo uchungu unabaki huku nyuma ya ulimi. Nimekunywa maji na bado upo.

MzeeWaMaswali
Nimeridhika, dada. Endeleeni kumsaidia.

BabaWawili
Mimi nina wazo kuhusu hilo bakuli la kwanza. Mtindi na nanasi ndivyo vinavyolainisha nyama kabla ya kuchoma. Laza nyama humo, lisipotee bure.

JikoSafi
Nyama yenye vanila na asali? Hapana, baba. Hilo ni la kumwaga tu. Uchungu ukishatokea hautoki, hata aongeze sukari kilo nzima. Hata kulipasha moto sasa hakusaidii, maziwa yatakatika zaidi.

Asumini
Basi niambieni la kufanya, lakini nanasi libaki. Jibini nina pakiti nyingine haijafunguliwa, mtindi upo, na nanasi moja zima limebaki.

Mwiko_Mrefu
Nanasi litabaki, usiwe na wasiwasi. Usiku huu fanya mambo mawili. La kwanza, ule mtindi uuchuje kwenye kitambaa kama NdimuKali alivyosema, ndani ya friji. La pili, saga nanasi, mimina kwenye sufuria na uweke moto wa wastani. Likianza kutokota lihesabie dakika tano kamili, likifika kumi ni bora zaidi, huku unakoroga lisishike chini. Moto unaua kile kimeng'enya, ndiyo maana nanasi la kopo halina tatizo hili: lilishapikwa kiwandani. Tena maji yatapungua, ladha itakuwa nzito kuliko ya lile bichi. Wifi yako atalisikia nanasi zaidi ya ambavyo angelisikia kwenye bakuli la leo.

Kesho asubuhi toa jibini friji mapema, kama saa moja kabla, ilainike. Kwa gramu 200 za jibini, weka nusu kikombe cha mtindi uliochujwa, vijiko viwili vya chakula vya asali, kijiko kimoja cha chai cha vanila na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Na hapa naomba usikilize vizuri: jibini ipigwe PEKE YAKE kwanza, kwa mchapo au mashine, mpaka iwe laini bila donge hata moja. Ukitia mtindi wakati bado ina madonge, yatateleza ndani ya sosi na hutayapata tena. Ikishalainika ndipo unaongeza mtindi kijiko baada ya kijiko. Nanasi lililopikwa na kupoa linaingia mwisho, vijiko vitatu au vinne, onja, na kidogo bakiza umimine juu kwa mapambo.

NdimuKali
Na ganda la limau jamani, msilisahau. Linaamsha kila kitu.

Mama_Subira
Asumini, huyo wifi yako anakuja peke yake au ana watoto?

Asumini
Ana wawili, mama. Mkubwa yuko shule, mdogo ndiyo kwanza ameanza kukaa.

Mama_Subira
Ameanza kukaa. Basi hajafikisha mwaka. Hiyo sosi ya asali asionjeshwe.

Asumini
Mama, ni kidogo tu kwenye ncha ya kidole, mtoto asijisikie mnyonge wengine wakila. Na asali ni safi. Kama ni lazima nitaichemsha kwanza.

JikoSafi
Hapo Mama_Subira yuko sahihi kabisa, na tusilegeze. Mtoto chini ya miezi 12 hapewi asali, hata kidogo, hata iwe safi namna gani. Asali inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima linavidhibiti, la mtoto mchanga linaweza kuviacha vichipuke na kutoa sumu inayolegeza misuli, hadi ya kupumua. Kuichemsha jikoni hakuviui. Watu wengi hawalijui hili, na ncha ya kidole ndiyo njia wanayoitumia mashangazi wote.

Kama unaogopa kusahau au mtu mwingine kumlambisha, acha asali kabisa, tumia sukari ya unga. Mtoto mpondee ndizi yake pembeni, atafurahi. Na muulize wifi mapema kama kuna mtu mwenye mzio wa maziwa.

Asumini
Mzio hakuna, hilo nalijua. Sukari ya unga ninayo. Sawa, asali naitoa, ingawa wifi alipenda iwe na asali.

Mama_Subira
Asali mwekee kwenye kibakuli chake mwenyewe, amwagie kwenye sahani yake. Hapo umemfurahisha na mtoto wake umemlinda. Mimi nilisema usijitese na sosi, lakini kwa jambo la mtoto jitese mwanangu.

Mwiko_Mrefu
Nyongeza: ukishaiweka mezani isizidi saa mbili nje ya friji, na kama joto liko juu ya nyuzi 32 basi saa moja tu. Toa nusu, nusu ibaki kwenye baridi. Ikiisha unaongeza, na mgeni anaona kila mara inakuja mpya.

BabaWawili
Na mkipiga krimu, mkiona inasimama, acheni.

Asumini
Mtindi nimeshautundika. Nanasi limetokota dakika kumi, limekuwa zito na rangi imekolea, na uchungu siusikii. Swali la mwisho ili nikalale: nikiitoa jibini sasa nikachanganya na hili nanasi likiwa vuguvugu, si itakuwa imeisha leo leo?

Mwiko_Mrefu
Hapana, usichanganye usiku huu. Uvuguvugu utailegeza jibini na utarudi kwenye uji kwa njia nyingine. Mimina nanasi kwenye sahani pana, litandaze, litapoa upesi kuliko likibaki sufuriani. Mvuke ukikata, lifunike uliweke friji mpaka asubuhi.