Kisumu hadi Luanda Kotieno: unakunja kona wapi?

Mkulima_Nyalenda
Hamjambo wakuu. Natoka Kisumu mjini kwenda Mbita kwa gari dogo aina ya Toyota Fielder, watu wanne na magunia mawili ya mbolea ya kilo 50. Nataka kuvuka kwa feri ya Luanda Kotieno badala ya kuzunguka Homa Bay. Nikiandika "Luanda" kwenye simu, ramani inanivuta Vihiga. Njia inapita wapi hasa, na kivukoni niangalie nini?

NjiaZaZiwa
Luanda ziko mbili, na wengi hupotelea hapo. Ya Vihiga iko kwenye barabara ya Busia, mbele ya Maseno. Unayoitaka iko ufuoni, Rarieda, kaunti ya Siaya. Andika jina zima.

Toka mjini kwa barabara ya Busia, pita uwanja wa ndege mpaka Kisian. Hapo lami inagawanyika: ya Busia inapanda kwenda Maseno, ya Bondo inashika kushoto. Shika kushoto. Utapita Holo, Akala, halafu Ndori. Ndori ndiyo kona ya pili: mbele ni Bondo na Usenge, kulia Ng'iya na Siaya, kushoto Owimbi hadi Luanda Kotieno. Barabara inaishia majini.

Ukiona kibao cha ikweta pale Maseno, umeshapitiliza. Barabara ya Bondo haigusi ikweta kabisa. Kama umefika Luanda ya Vihiga, usirudi Kisian; shika njia ya Luanda–Akala, utatokea mbele.

Dereva_Gem
Naongeza: kila soko lina matuta, na mengine rangi imefutika. Punguza mwendo ukianza kuona vibanda na bodaboda zimepanga foleni, usingoje kuliona tuta lenyewe. Jioni ng'ombe hurudishwa nyumbani kando ya lami. Mafuta jaza Kisumu.

Asiye na gari apande matatu ya Bondo au Usenge, amwambie makanga amshushe Ndori, aunganishe pale.

Bandarini
Ndugu, cha kuangalia zaidi ni mbolea yako. Kilo 100 kwenye buti pamoja na abiria wa nyuma zinakalisha mkia wa gari. Magurudumu ya mbele yakipanda ulimi wa feri (bamba la kupandia), pua inainuka na bampa ya nyuma inakwaruza. Washushe abiria wapande kwa miguu, hamishia gunia moja kwenye nafasi ya miguu nyuma ya kiti cha dereva, na ingia kwa gia ya kwanza bila kukanyaga mafuta ghafla. Ukishapangiwa nafasi: zima injini, vuta hendibreki, acha gari ndani ya gia.

Fika mapema. Nafasi za magari ni chache, na lori moja linaweza kula nafasi yako. Asubuhi ziwa hutulia kuliko alasiri, upepo unapoamka. Kabla ya kuondoka Kisumu, ulizia kama feri inafanya kazi siku hiyo na kama gugumaji halijaziba gati.

Mkulima_Nyalenda
Asanteni sana. Na feri ikikosekana nikiwa nimeshafika?

NjiaZaZiwa
Hapo unarudi Kisumu yote, halafu Ahero, Katito, Pap Onditi, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Kutoka Kisumu ni kama kilomita 150, na zote ni lami. Ndiyo maana ulizia kabla hujafika Kisian.