Taipu retingi ipi inalipa, A320, 737 au ATR? Mshua anataka kuuza kipande cha kihamba

chalii_wa_ngaramtoni
Wakuu habari za humu. Niko Arusha, nimerudi mwaka jana kutoka Afrika Kusini na CPL (leseni ya urubani wa biashara), malti-injini na instrumenti, logibuku inasoma masaa 228, leseni nimeshabadilisha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na medikali ya daraja la kwanza ninayo. Tangu nirudi ni kusambaza sivii tu, majibu hakuna, mchana namsaidia anko dukani Soko Kuu napima mchele na leseni ya urubani mfukoni. Sasa kuna chuo kimoja huko nje kinatoa taipu retingi (kibali cha kurusha aina moja ya ndege) ya Airbus A320, wiki kama sita, dola 24,000, wakala wao ananipigia kila Jumatatu anasema dunia nzima inatafuta watu wa A320. Mshua kule Kibosho kasema atakata kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, auze. Bi mkubwa tangu asikie hilo haongei naye. Swali langu, nichukue A320, au Boeing 737, au niende ATR, zile za mapangaboi? Naomba majibu ya watu walioko kwenye fani, sio stori za vijiweni.

mzee_wa_mbege
Kihamba hakiuzwi dogo. Mengine waache marubani wakujibu.

kisongo208
Chalii wangu, mimi narusha Caravan, kindege cha injini moja, hapo uwanja wa ndege wa Kisongo mwaka wa nne sasa. Kabla ya kuuliza ipi, jiulize nani hapa anarusha hiyo A320. ATCL (Air Tanzania) wana Q400 za mapangaboi, A220, 737 MAX 9 na 787, Precision Air ni ATR tupu, sisi wa mbugani ni Caravan na ndugu zake. Hiyo A320 yako utaipeleka wapi? Utaniambia Ghuba, sawa, ila kule unagombania kiti na watu wana masaa elfu mbili elfu tatu juu ya ndege hiyohiyo, wewe una 228 na cheti cha simyuleta. Mwajiri akiona retingi haina masaa kwenye ndege yenyewe anaona mtu wa kuanza naye upya tu, na mafunzo ya laini, yaani ya safari halisi zenye abiria, bado itabidi akupe yeye.

Halafu kuna kitu wakala hakuambii. Retingi inachacha. Usiporusha lazima urudi simyuleta kufanya mtihani wa kuihuisha na simyuleta yenyewe haipo Arusha, ni nauli, hoteli, na masaa ya mashine kwa dola. Ukikaa miaka miwili bila kazi utakuwa umeuza kihamba chote kipande kwa kipande.

Ushauri wangu tafuta kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi, kwenye Caravan. Najua kampuni nyingi hazikupi ukepteni na masaa hayo kwa sababu ya bima, ila kuna zinazochukua vijana wakae kulia, hela ndogo, unapakia mizigo mwenyewe, unamuelewesha mzungu kwamba ni kilo 15 kwenye begi laini na sio hilo sanduku lake la magurudumu. Lakini msimu ukikolea unagonga masaa ya injini ya tabaini kila siku, na Kisongo ni zaidi ya futi 4,500, Seronera juu zaidi, viwanja vya vumbi, joto la mchana, ndege imejaa. Pale ndio unajua kurusha.

chalii_wa_ngaramtoni
Asante sana kaka. Ila nimepeleka sivii kampuni tatu hapo Kisongo kwa imeili, hakuna hata moja iliyojibu.

kisongo208
Kwa imeili??? 😂

dada_wa_turbopropu
Nimecheka na mimi. Dogo, mimi niko kiti cha kulia ATR, nilianzia Caravan nikiwa na masaa kama yako, nikatoka na 1,100 na kitu. Retingi ya ATR alilipa mwajiri, mimi nikasaini bondi, yaani ukiondoka kabla ya muda unarudisha gharama. Bondi inabana ila sikuuza shamba la mtu. Kama unalazimika kununua mwenyewe, basi bora ATR kuliko A320, retingi moja inabeba ATR 42 na ATR 72, kutoka toleo la 500 kwenda la 600 unaongezewa mafunzo ya tofauti tu, na kwenye ukanda huu ndege ipo. Q400 pia sio mbaya, ATCL wanazo, Jambojet Kenya, Ethiopian, RwandAir. Lakini nunua ukiwa na barua mkononi inayosema ukifaulu una kiti. Bila barua usitoe hata senti.

Na usisahau mitihani ya ATPL (leseni ya juu ya urubani wa mashirika), ile ya darasani. Masaa 1,500 yanayotakiwa utayapata taratibu ila mitihani unaweza kuifanya sasa hivi huku unapima huo mchele, na kwenye interviu inaonekana.

KapteniMstaafu_Moshi
Nakazia la dada hapo juu. Watu mnasahau ndege zinabadilika. fastjet walipoanza hapa 2012 walikuja na A319, vijana wakasema Airbus ndio mpango mzima, haikupita miaka mingi wakahamia Embraer 190, na mwisho wake mnaujua. Aliyekuwa amenunua Airbus kwa hela yake aliishia kuangalia picha. Retingi inafuata kampuni, na kampuni inafuata ndege iliyoipata kwa bei nzuri, wewe huna sauti hapo.

Mwingine nimjuaye, mtoto wa jirani, alilipia retingi nje na akalipia tena "masaa 300 ya laini", yaani anamlipa mwenye ndege ili amfanyie kazi. Akapewa masaa 90, kampuni ikafunga, hela haikurudi. Leo anauza vipuri vya bodaboda hapa Moshi, na biashara inaenda vizuri kwa kweli, ila baba yake ukimtajia ndege anahamisha mazungumzo.

chalii_wa_ngaramtoni
Shikamoo kapteni. Nimemsomea mshua huu uzi wote kwenye simu, kanyamaza kidogo halafu akasema "kumbe mama yako alikuwa sahihi". Kwa hiyo kesho naenda Kisongo mwenyewe na bahasha, nafika saa moja asubuhi.

kisongo208
Saa moja usije, ndio tunapakia za kwanza hakuna atakayekuangalia usoni. Njoo saa nne, vaa shati jeupe la kawaida, zile alama za cheo za mabegani ziache nyumbani. Uliza chifu pailoti, sio mapokezi. Na logibuku ulete yenyewe, sio picha kwenye simu.