Rova yetu ya magurudumu sita, huku Mwanza tuijaribu wapi?

kijana_nyegezi: Habari za jioni wadau. Mimi na wenzangu wawili tumeunda rova ndogo, yaani kigari kama vile vya kuchunguza sayari, mota tumechomoa kwenye printa mbovu, inatembea vizuri sakafuni. Sasa nasikia vyombo vya kwenda sayari ya Mars vinapelekwa jangwani kwanza, Atacama kule Chile, Utah, hadi Oman. Sisi jangwa hatuna, tuna mawe na ziwa. Ufukwe wa Igombe utafaa? Na kwani lazima jangwa, mchanga si mchanga tu?

fundi_mabatini: Hongereni sana mkuu. Ufukweni hapana, mchanga wa pale ukifukua kidogo tu una maji, umeshikana, tairi inapita juu kama kwenye lami. Mchanga mkavu unakimbia chini ya tairi, rova inajichimbia yenyewe mpaka tumbo linakaa chini. Ndo yaliyoipata Spirit, rova ya NASA, 2009, ilinasa kwenye mchanga laini huko Mars na haikutoka tena. Halafu jangwani kuna lile vumbi laini linaloingia kwenye beringi na kila kiungo, sakafuni hulioni. Tafuteni mchanga uliomwagwa saiti ya ujenzi, kiangazi hiki umekauka vizuri, ombeni ruhusa mwagieni na kokoto.

dada_wa_anga: Naunga mkono, ardhi inatengenezwa jamani. 1967 pale Flagstaff, Arizona, walilipua mashimo kwa baruti wakifuata picha za sehemu ya mwezi ambayo Apollo 11 ilikuja kutua, wanaanga wakafanyia mazoezi humo. Ila mdogo wangu angalia na uzito. Mvutano wa Mars ni kama asilimia 38 ya wa huku, ndo maana 2012 NASA walipopeleka rova ya majaribio kwenye matuta ya Dumont, California, waliitoa kompyuta yake ibaki nyepesi, ili izame mchangani sawasawa na rova yao Curiosity itakavyozama kule Mars.

kijana_nyegezi: Asante dada, hilo la uzito hatukuliwaza kabisa. Kwa hiyo tukipata mchanga mkavu tumemaliza?

dada_wa_anga: Bado, na hapa ndo penyewe. Kule jangwani wanajaribu watu na utaratibu kuliko hata mashine. Ujumbe kutoka huku mpaka Mars unachukua dakika 3 hadi 22 kwenda tu, kwa hiyo hakuna mtu anayeshika rimoti akaendesha, wanaandika amri za siku nzima wanatuma kwa mkupuo halafu wanasubiri. Nyie fanyeni hivyo hivyo: dereva akae chumbani asiione rova, mwenzake aliye kwenye mchanga apige picha moja kwa simu akiishika kwenye kimo cha rova yenyewe, asubiri dakika 10 ndo atume, dereva aandike amri kwenye karatasi, nazo zisubiri dakika 10. Na yule wa mchangani hata akiona inaelekea kwenye jiwe asiiguse wala asiseme kitu. Mkifanya leteni picha humu, na zile karatasi za amri msizitupe.