Mjadala: Namba moja ya posti-hadkoo 2000–2009 ni ya Fugazi, si ya At the Drive-In

Nyuzi_Sita (mleta mada)

Wakuu, kila orodha ya albamu bora za posti-hadkoo (muziki uliochipuka kutoka kwenye hadkoo, punk ya kasi na ukali) na roki mbadala za muongo ule inaanza na jina lile lile: Relationship of Command ya At the Drive-In. Napinga. Albamu ni kali na kwangu haitoki tano bora, ila kiti cha kwanza ni cha The Argument ya Fugazi, iliyotoka Oktoba 2001 chini ya Dischord, lebo ambayo Ian MacKaye, mwimbaji na mpiga gitaa wa Fugazi, ni mmoja wa waanzilishi wake.

Kwanza tukubaliane mipaka. Muongo ni 2000 mpaka 2009. Wapo wanaohesabu 2001 mpaka 2010, na kwa hesabu yao Relationship of Command inaanguka yenyewe kwa kuwa ilitoka Septemba 2000, ikiiburuza na White Pony ya Deftones ya Juni mwaka huo. Sitaki ushindi wa kalenda, kwa hiyo zote zimo. The Shape of Punk to Come ya Refused ni ya 1998, msiilete. EP (rekodi fupi zenye nyimbo chache) pia hazihesabiwi, hata Translating the Name ya Saosin (2003) ambayo najua ina wenyewe humu.

Sasa hoja. Prodyuza Ross Robinson aliirekodi Relationship of Command kwa mtindo wake wa kuwabana wanamuziki mpaka wapige kama wako jukwaani. Kisha kazi ikaenda kwa Andy Wallace kwa ajili ya miksi (kuunganisha na kusawazisha sauti za ala zote), yule yule aliyefanya miksi ya Nevermind ya Nirvana. Omar Rodríguez-López, mpiga gitaa wa bendi, ameshasema hadharani kwamba miksi hiyo iliipaka albamu rangi na kuificha nguvu iliyokuwemo. Namwelewa. Chukueni "Invalid Litter Dept.", wimbo wa dakika sita kuhusu wanawake waliouawa Ciudad Juárez, mji wa Meksiko uliopo ng'ambo tu ya mpaka kutoka El Paso, Texas, nyumbani kwa bendi. Beti zinasemwa kwa utulivu, karibu na maongezi, halafu kiitikio kinapanda. Huko kupanda ndiko kunakobeba maana ya wimbo. Kwenye CD, beti zimevutwa juu mpaka zinakaribia kimo cha kiitikio. Kiitikio kikifika, ala zinaongezeka lakini nguvu haiongezeki.

Linganisheni na "Cashout" ya Fugazi, inayozungumzia wapangaji wanaotolewa majumbani ili wawekezaji wajenge. Inaanza chini kabisa, na ikifika mwisho MacKaye anapiga kelele kwa koo lote. Umbali kati ya ncha hizo mbili mnausikia wote, haujaguswa. Albamu ilirekodiwa Inner Ear, Arlington, Virginia, kwa Don Zientara. MacKaye anapiga Gibson SG kupitia Marshall, Guy Picciotto anapiga Rickenbacker, na gitaa hizo mbili hazigombanii nafasi moja: SG inashika katikati palipo nene, Rickenbacker inakata juu yake. Ndiyo maana besi ya Joe Lally inasikika noti kwa noti, na hata pale Jerry Busher anapoongeza ngoma za pili juu ya zile za Brendan Canty, hakuna kinachozama.

Anayetaka kuhakikisha afanye hivi. Toa albamu zote mbili kwenye CD za toleo la kwanza, uzihifadhi kama FLAC (faili la sauti lisilopoteza ubora). Zipime kwa programu yenye ReplayGain (mfumo wa kusawazisha ukubwa wa sauti kati ya rekodi). Toleo la 2.0 linalenga LUFS -18 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Chagua kipimo cha albamu nzima, siyo cha wimbo mmoja mmoja, maana hicho cha pili kinazipandisha nyimbo za utulivu na kuuharibu mpangilio ambao bendi iliukusudia. Shusha albamu yenye kelele zaidi badala ya kupandisha ya chini, kwa sababu ukipandisha unaweza kukata vilele vya mawimbi na kupata mkwaruzo ambao haukuwemo kwenye rekodi. Zima vikuza besi vyote. Hatua hizi si mapambo: tofauti ya desibeli 1 inatosha kulifanya sikio lipende rekodi yenye sauti kubwa bila kujua kinachoivuta ni ukubwa wa sauti tu.

Mpiga_Snea

Mkuu, mipaka nimeikubali, hukumu naikataa, na kipimo chako kina upendeleo ndani yake.

ReplayGain ya albamu inakupa wastani. The Argument ina vipande vingi vya utulivu, na vipande hivyo vinaushusha wastani wake. Ukishazilinganisha zote kwa LUFS -18, viitikio vya Fugazi vinabaki juu sana ya mstari, vya At the Drive-In vinakaa karibu nao. Halafu unasema vya Fugazi vina nguvu zaidi. Lazima viwe nazo, umewapa sauti kubwa zaidi mahali penye uzito.

Pili, kuhusu Wallace. Anajulikana kwa mbinu moja ya ngoma: pigo halisi la snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) linaamsha sampuli, yaani kipande kilichorekodiwa tayari, ya mwangwi wa chumba, na sampuli hiyo inapita chini ya pigo, hailibadilishi. Sababu ni ya kiufundi. Bendi yenye gitaa mbili zenye mkwaruzo mzito, zinazokwenda mbio, inajaza eneo lile lile ambalo mwili wa snea unaishi. Ukipandisha snea peke yake, unapandisha na sauti ya matoazi yaliyoingia kwenye maikrofoni yake, na wimbo mzima unageuka mluzi. Mwangwi wa sampuli hauna matoazi ndani yake, hivyo unaweza kuupandisha utakavyo. Bila hiyo, upigaji wa Tony Hajjar, mpiga ngoma wa At the Drive-In, kwenye "Sleepwalk Capsules" ungezama. Kinachoitwa rangi hapa ndicho kinachotufanya tusikie mkono wa mpigaji.

Omar ana haki ya kutoipenda miksi ya bendi yake. Sisi tunaipima rekodi iliyotoka.

Nyuzi_Sita

Hoja ya wastani ni nzuri, basi tuufunge mlango huo. Achana na albamu nzima. Kata sekunde 20 za kiitikio cha mwisho cha "Invalid Litter Dept." na sekunde 20 za mwisho wa "Cashout", uzilinganishe kwa LUFS mpaka tofauti isizidi desibeli 0.2, kisha cheza kila wimbo tangu mwanzo bila kugusa kitufe cha sauti. Viitikio sasa viko sawa kwa sawa. Kitakachotofautiana ni beti, na beti za "Invalid Litter Dept." zinakuja kubwa, ziko usoni kwako kabla wimbo haujakuomba chochote. Wimbo unaohusu maiti zinazotupwa jangwani bila anayeuliza ulihitaji mahali pa kunong'ona.

Kuhusu snea nakubali mbinu inafanya kazi. Swali langu ni kwa nini Fugazi hawakuihitaji. Jibu liko kwenye mpangilio wa ala: waliliacha eneo la snea wazi tangu wakiwa kwenye mazoezi.

Beti_na_Kelele

Mnabishania desibeli huku albamu iliyobadilisha kila kitu haijatajwa. Full Collapse ya Thursday, Aprili 2001, lebo ya Victory.

Fugazi walifunga ukurasa wao na The Argument. Hakuna albamu nyingine ya studio iliyofuata. At the Drive-In walisimama Machi 2001 na kugawanyika: mwimbaji Cedric Bixler na Omar wakaunda The Mars Volta, watatu waliobaki wakaunda Sparta. Nani alifungua njia ambayo bendi mia za miaka iliyofuata zilipita? Thursday, kutoka New Brunswick, New Jersey. Sikilizeni "Cross Out the Eyes" na "Understanding in a Car Crash": Geoff Rickly anaimba laini, mayowe yanaingia nyuma yake yakibeba mstari mwingine, na gitaa za Tom Keeley na Steve Pedulla zinasuka melodi mbili tofauti badala ya kupiga kodi (noti kadhaa kwa mkupuo) moja kwa pamoja. Ramani hiyo ndiyo iliyokopiwa mpaka ikachakaa. Na si kwa kusikilizwa tu. Rickly ndiye prodyuza wa albamu ya kwanza ya My Chemical Romance, ya 2002. Ukiwa na orodha ya muongo na Full Collapse haimo mbili bora, hujaandika kuhusu muongo huo.

Kasoro yake naijua: sauti ya Rickly inateleza nje ya noti mara nyingi. Lakini wale waliokuja baadaye na sauti zilizonyooshwa kwa kompyuta hawakuwahi kutisha kama yeye.

Nyuzi_Sita

Ushawishi ni historia ya muziki, mkuu, na kwenye historia nakuachia nafasi ya kwanza. Hapa tunauliza albamu ipi ni bora. Full Collapse upande wa pili unalegea. Baada ya "Paris in Flames" nyimbo zinaanza kufanana mwendo na ufunguo. War All the Time ya 2003 imepangwa vizuri zaidi hata kama haina ile cheche.

Mpiga_Snea

Hapo naungana na Beti_na_Kelele dhidi yako. Kufanana huko ni kwa makusudi. Albamu inafunguliwa na "A0001" na kufungwa na "i1100", vipande viwili vifupi vinavyoishika kama mabano. Imetungwa isikilizwe kwa mkupuo.

Kisanduku

Naleta jina ambalo naona mnalikwepa: Vheissu ya Thrice, Oktoba 2005.

Thrice, vijana wa Irvine, California, walikuwa wameshatoa albamu mbili kali na prodyuza Brian McTernan: The Illusion of Safety (2002) na The Artist in the Ambulance (2003). Ya pili iliuza na ikapendwa, lakini sauti yake ina tatizo lile lile analolilalamikia mleta mada, na bendi yenyewe iliirekodi upya nzima mwaka 2023. Kwa Vheissu walimchukua Steve Osborne, prodyuza Mwingereza asiye na historia na hadkoo, na hapo ndipo walipopata hewa. "Image of the Invisible" inafunguliwa na milio ya Morse (alama za telegrafu). "Music Box" imejengwa juu ya mlio wa kisanduku cha muziki, na gitaa zinapoingia hazikifuniki, zinakisindikiza.

Wimbo wa kupimia ni "The Earth Will Shake", uliochota kutoka nyimbo za kazi za wafungwa wa Marekani. Katikati yake ala zinaondoka, zinabaki sauti za watu wengi pamoja na mapigo mazito yanayokwenda kama nyundo. Halafu bendi nzima inaanguka juu yao. Fanyeni jaribio la Nyuzi_Sita hapa: linganisheni kilele, rudini katikati. Umbali upo. Na tofauti na Fugazi, uzito nao upo, gitaa zilizoshushwa nyuzi, besi ya Eddie Breckenridge iliyojaa. Hii ndiyo albamu inayomaliza ugomvi wenu, kwa sababu inathibitisha kwamba unaweza kuwa mzito bila kubana kila kitu.

Namba moja yangu ni hiyo. Ya pili The Argument. Relationship of Command ya tatu.

Koo_Kavu

Worship and Tribute ya Glassjaw, 2002. Robinson huyu huyu, mikono mingine. Daryl Palumbo anabadilisha kuimba kuwa ukelele ndani ya neno moja, na Justin Beck anapiga gitaa kana kwamba kodi za kawaida zimekatazwa. Sikilizeni "Ape Dos Mil" halafu "Pink Roses". Kama tatizo la Relationship of Command lingekuwa Robinson, hii nayo ingekuwa nalo. Halafu mwaka uliofuata akafanya Burn, Piano Island, Burn ya The Blood Brothers, sauti mbili za juu zinazorarua. Mtu mmoja, albamu tatu kwenye kumi bora ya muongo.

Santuri_33

Kabla hamjaenda mbali na vipimo, tahadhari mbili kwa watakaotumia santuri.

Msiingize santuri kwenye kompyuta mkapima upana wake wa sauti (umbali kati ya sauti ya chini na ya juu) mkatangaza kuwa ina masta (toleo la mwisho la kutengenezea nakala) bora kuliko CD. Mchakato wa kukata na kucheza santuri unasogeza mawimbi, na vilele vilivyokatwa bapa kwenye CD vinaota tena ncha. Programu inasoma ncha hizo kama upana ulioongezeka. Masikio yako hayajapata kitu kipya, chanzo ni kile kile kilichobanwa. Watu wengi wanabishana mtandaoni kwa tarakimu hizo na hazina maana.

La pili ni nafasi ya wimbo. Kadiri sindano inavyokaribia kitovu, mfereji unaopita kwa kila mzunguko ni mfupi, hivyo mlio wa juu unachafuka, hasa herufi za "s" na matoazi. Ukizidisha dakika 22 hivi kwa upande mmoja wa inchi 12, mkataji analazimika kupunguza sauti au besi pia. Kwa hiyo msihukumu wimbo wa mwisho wa upande kwa santuri peke yake. "Argument", unaofunga albamu ya Fugazi, unaumia hapo. "Non-Zero Possibility" unaofunga ya At the Drive-In unaumia zaidi kidogo, kwa kuwa una piano na utulivu ambao hauna pa kuuficha mkwaruzo.

Kisanduku

Na wanaosikiliza mtandaoni je?

Santuri_33

Angalieni toleo kwanza. Huduma nyingi zinaweka remasta (masta iliyotengenezwa upya) bila kuieleza vizuri, nanyi mnadhani mnalinganisha albamu za 2000 na 2001 kumbe mnalinganisha kazi za miaka 15 baadaye. Zimeni pia usawazishaji wa sauti wa programu kama mnapima kwa mkono, la sivyo mnasawazisha mara mbili.

White Pony ndiyo yenye mtego mkubwa, kwa kuwa hata mpangilio wake si mmoja. Toleo la Juni 2000 lina nyimbo 11, linaanza na "Feiticeira" na kuishia na "Pink Maggit". Oktoba mwaka huo huo likarudishwa sokoni likiwa limebandikwa "Back to School" mwanzoni, wimbo uliokatwa kutoka kwenye kiitikio cha "Pink Maggit" na kuongezwa rap. Ukisikiliza toleo hilo, kiini cha wimbo wa kufunga umeshakipata ndani ya dakika nne za kwanza, na "Pink Maggit" inapokuja inaonekana kama marudio. Anayetaka kuipigia kura hapa aseme ni toleo lipi. Ya Juni naiweka mbele ya Vheissu. Ya Oktoba siiweki popote.