Msaada wakuu: ndege inalalia kushoto yenyewe hata sijagusa joistiki

rubani_sebuleni
Habari za jioni wakuu, nimekwama. Juzi kwenye gemu yangu ya kurusha ndege za kivita nimeongeza pedali za miguu juu ya joistiki na throtoli (ile ya kuongeza moto wa injini) nilizokuwa nazo, tangu hapo nikiruka tu ndege inalalia kushoto na pua inazama, nikipeleka joistiki kulia inarudi kidogo nikiachia inalala tena hadi naenda kujichimbia ardhini. Nimekalibreti mara tatu, nimefuta draiva nikaweka upya, jana nimefungua hadi joistiki yenyewe na bisibisi nikapuliza vumbi na sasa kuna skrubu moja imebaki mezani sijui ya wapi. Nikifungua joy.cpl, lile dirisha la Windows la kupima joistiki, kile kialama cha kujumlisha kimetulia katikati kabisa. F-16 na Spitfire zote hivyo hivyo. Joistiki imekufa au?

kibodi_chafu
Weka dedizoni 20 mkuu, yani pale katikati joistiki ikisogea kidogo gemu inapuuza, yangu ilikuwa inachezacheza hivyo ikatulia

mzee_wa_kokpiti
Dedizoni 20 utamfanya asilenge kitu, unataka kusogeza pua kidogo tu umpate adui haisogei, ukizidisha inaruka. Hiyo ni dawa ya joistiki inayotetemeka katikati, na huyu kasema kialama kimetulia, kwa hiyo joistiki ni nzima, usiifungue tena tafadhali.

Shida imekuja na pedali. Magemu mengi ya aina hii ukichomeka kifaa kipya yanakipangia aksisi (yani kila mwelekeo wa kusogea ufanye kazi gani) yenyewe bila kukuuliza, yanaona aksisi X yanasema hii ya kulala kushoto na kulia, Y ya pua. Sasa kwenye pedali nyingi X na Y ni zile breki za vidoleni, na breki isiyokanyagwa inakaa mwisho wa aksisi, sio katikati. Yaani gemu inaona kuna mtu kashikilia joistiki ya pili kushoto kabisa muda wote. Nenda menyu ya kontroli, chagua aksisi tu, angalia mstari wa kulaza ndege, kila safu ni kifaa kimoja. Acha joistiki, kwingine kote futa. Na ufanye kwa kila ndege maana kila moja ina mipangilio yake.

rubani_sebuleni
Aiseee nimeikuta!! X ya pedali iko kwenye kulaza, Y kwenye pua, na throtoli nayo kile kijiti chake kidogo kimejipachika humo humo. Nimefuta, F-16 imetulia kama maji mtungini. Ila Spitfire bado inavuta kushoto ikikimbia kwenye ranwei, na nikikanyaga breki hazishiki kabisa

mzee_wa_kokpiti
Hapo sio kontroli, hiyo ndo Spitfire yenyewe 😄 Zile za injini ya Merlin ukiwa kitini propela inazunguka kwenda kulia na ndege inakuvuta kushoto, so moto upeleke polepole na mguu wa kulia uwe tayari kabla haijaanza kukimbia, ukisubiri igeuke umeshachelewa. Breki usihangaike, Spitfire halisi haikuwa na breki za vidoleni, ni za upepo, kuna kikono kwenye fimbo unakibana halafu pedali ndo zinaamua gurudumu lipi lishike zaidi. Baindi, yani unganisha, hicho kikono kwenye kitufe cha joistiki.

waya_mrefu
Kabla hujasahau, hifadhi mipangilio kwenye faili, na usihamishe poti za yuesibi hovyo, ukichomeka kwingine gemu inaweza kudhani ni kifaa kipya ikakupangia upuuzi ule ule upya. Mi nimebandika namba kwenye kila waya na kila poti, wife ananicheka ila sihangaiki

rubani_sebuleni
Nimepaa wakuu, nimepita kwenye nyasi kidogo ila nimepaa. Skrubu pia nimeijua ni ya wapi, nikivuta joistiki nyuma kuna kitu ndani kinalia kwi kwi